Picha haionyeshi ilipigwa lini wala wapi: shida iko wapi na utafanyaje

Kabla ya chochote jibu hili swali: hiyo picha imekufikiaje? Sahau kwanza simu gani na apu gani, nataka njia iliyopita. Maanake watu wengi wakifungua picha wakakosa tarehe ama lokesheni wanakimbilia kudaunlodi apu ya kusoma metadata, yaani maelezo yaliyofichwa ndani ya faili, wakikosa wanadaunlodi ingine, wakikosa tena wanadaunlodi ya tatu, simu inajaa matangazo bure, na kumbe apu haina kosa lolote, picha yenyewe ilishavuliwa kila kitu tangu jana ilipotumwa.

Kwa asiyejua: simu ama kamera ikipiga picha ya JPEG inaandika mwanzoni mwa faili kipande kidogo cha data kinachoitwa Exif, mpango ulioanza Japani 1995. Mle mna tarehe na saa, jina la simu, lenzi, ISO, spidi ya shata, kama ulishika simu wima ama ulalo, na kama lokesheni ilikuwa imewashwa basi na vipimo vya GPS. Mna pia IPTC na XMP, huko ndiko wapiga picha wanaweka jina lao, maelezo na haki miliki. Ni kama ile karatasi inayobandikwa kwa katoni kule bandarini, ikibanduka njiani mzigo unafika mzima lakini hakuna wa kukwambia umetoka wapi.

Kwa hivyo ukikosa data sababu ni mojawapo ya hizi tatu: haikuandikwa tangu mwanzo, iliandikwa ikafutwa njiani, ama imo lakini pale unapoangalia hapaonyeshi. Dawa zake hazifanani kabisa, na ile ya kufutwa njiani haina dawa nyingine ila kurudi kwa aliyepiga.

Pa kuangalia kwanza

Android nyingi, fungua picha kwa Google Photos uivute juu kwa kidole, utaona tarehe, jina la faili, simu, na ramani kama ipo. Galari ya Samsung nayo vuta juu vilevile. iPhone kuanzia iOS 15 ya 2021, vuta juu ama gusa alama ya "i". Windows, raiti-kliki faili, "Properties", halafu tabo ya "Details", ushuke mpaka chini. Mac, fungua na Preview, bonyeza Command na I, tafuta tabo ya Exif, na ya GPS hutokea yenyewe kama vipimo vimo, usipoiona basi vipimo havimo.

Hizo zote zinaonyesha kiasi tu. Inayoonyesha kila kitu mpaka vitu hujui ni vya nini ni ExifTool ya Phil Harvey, ya bure, ipo tangu 2003, inafanya kazi kwa kompyuta, na ukiniuliza mie hiyo ndo ya kuamini pale mambo yakigongana. Zile saiti za onlaini za kuapulodi picha usomewe data sizipendi kwa picha za watu, unajaribu kujua picha ina siri gani halafu unampa mtu usiyemjua picha pamoja na siri yenyewe.

Dalili: hakuna kitu kabisa, ni ukubwa wa faili na tarehe ya leo tu

Hii ndo kubwa, hapa ndo pa kukaa.

Tazama jina la faili. Likiwa mfano wa IMG-20240518-WA0007 hapo usiendelee kutafuta, hiyo WA ni WhatsApp, na WhatsApp ukituma picha kama picha inaibana upya na Exif inabaki nyuma. Halafu ile tarehe iliyo kwenye jina ni ya siku picha ilipita WhatsApp, haihusiani na siku iliyopigwa. Hapa watu wanagombana sana jamani. Mpangaji amepiga ukuta uliopasuka mwezi wa kwanza, amemtumia mwenye nyumba mwezi wa tano wakati wa kudai dipositi, mwenye nyumba anasoma jina la faili anasema si unaona, umeupasua wewe juzi. Wote wawili wanashikilia namba ambayo haisemi wanachodhani inasema.

Na kinachoniuma zaidi ni watu wa kliaringi, wale wanaotoa mizigo bandarini. Kontena linafunguliwa, mzigo umelowa, kijana anapiga picha safi kabisa pale yadi, anazituma kwa grupu ya ofisi, baadaye simu yake inajaa anafuta zile za galari kwa sababu anajua grupu iko nazo. Miezi imepita watu wa bima wanataka picha orijino, ofisi nzima inazo, kila mtu anazo, na hakuna hata moja yenye data. Ukifanya kazi hiyo tafadhali wafundishe vijana wako: picha ya mzigo ulioharibika inatumwa kama dokumenti, na ile ya kwenye simu haifutwi mpaka imehifadhiwa kompyuta.

Kutuma kama dokumenti ni hivi, ndani ya WhatsApp gusa alama ya kiambatisho, chagua "Document" badala ya "Gallery", kisha itafute picha kule. Kwa iPhone ikikusumbua, hifadhi picha kwanza kwa Files halafu uichague kutoka huko. Ikifika kwa mwenzako wa Android mara nyingi haitajitokeza galari kama picha zingine, inaingia folda ya WhatsApp Documents, wengi hudhani haijafika wakaomba itumwe tena kawaida, na tukarudi pale pale. Na ile HD ya WhatsApp isikudanganye, inakupa picha kubwa zaidi lakini si faili orijino. Telegram nayo ina mambo hayohayo, kama picha data inaondoka, kama faili inabaki. Barua pepe, kebo, bluututhi na Google Drive kwa kawaida vinapitisha faili kama ilivyo, ila iPhone ikikuuliza kwa barua pepe unataka saizi gani chagua "Actual Size".

Facebook, Instagram na X usitarajie kitu, picha unayoidaunlodi kutoka huko ni kopi waliyoitengeneza wao na Exif wameitoa. Usipoteze saa yako.

Skrinshoti nayo. Mtu anafungua picha, anapiga skrinshoti, ananitumia, anataka nimwambie ilipigwa na simu gani. Skrinshoti ni picha ya kioo cha simu yako, imezaliwa pale ulipobonyeza, haina lenzi wala ISO wala mahali. Vilevile picha ya karatasi iliyoskaniwa: harusi ya bibi ya 1974 ukiiskani leo itaandikwa leo, na jina la skana badala ya kamera.

Sasa kuna hila moja ya haraka ukiwa kwa saiba na hawakuruhusu kuinstoli kitu. Chukua kopi ya picha, kopi nasisitiza, raiti-kliki, ifungue na Notepad. Utaona takataka nyingi, hiyo ni kawaida, soma mstari wa kwanza tu. Ukiona neno Exif pale mwanzoni, na mara nyingi jina la simu hapo karibu, basi data imo na shida ni apu yako. Ukiona JFIF na hakuna Exif popote pale juu, imeshavuliwa. Ukiona ftypheic, hiyo ni HEIC, fomati ya picha za iPhone, nitaifikia chini. Funga bila kusevu, ukisevu umeiua faili.

Dalili: tarehe ipo, simu ipo, lokesheni haipo

Kwanza hakikisha ilikuwa inaandikwa. Kamera kubwa nyingi hazina GPS kabisa, kwa hivyo picha za harusi zilizopigwa na DSLR usizidai lokesheni. Kwa simu, fungua setingi za kamera yenyewe utafute palipoandikwa "Location" ama "Location tags", halafu uingie setingi za simu uone kama kamera imepewa ruhusa. iPhone ni "Privacy & Security", "Location Services", kisha "Camera". Simu nyingi mpya hukuuliza swali hilo mara ya kwanza tu unapofungua kamera, ukabonyeza hapana kwa haraka, na tangu hapo haijawahi kuandika mahali. Za nyuma hazirudi, lakini kuanzia sasa washa.

Kama ilikuwa imewashwa na aliyepiga anaiona ramani kwake lakini wewe huioni, kuna mambo mawili. Kwa iPhone, tangu iOS 13, mtu akishea picha kuna palipoandikwa "Options" juu ya skrini, na lokesheni inaweza kuwa imezimwa pale bila yeye kujua. Mwambie aiwashe, na awashe pia "All Photos Data" kama anatuma kwa AirDrop.

Kwa Android hili ni la kuelewa vizuri maanake linawachanganya hata mafundi. Kuanzia Android 10 ya 2019, apu ikitaka kusoma lokesheni iliyo ndani ya picha lazima ipewe ruhusa maalum, hata kama ishapewa ruhusa ya kuona picha zote. Isipokuwa nayo, simu inaipa picha iliyotolewa vipimo. Kwa hivyo apu yako ya Exif inakuonyesha kila kitu, mpaka ISO, na GPS inaandika tupu ama sifuri, na wewe unasema picha haina lokesheni. Imo! Simu ndo imeificha. Ndo vilevile ukiapulodi picha kupitia brauza ya simu, inaweza kufika upande wa pili bila vipimo ilhali kwa simu yako vipo. Dawa yangu ni moja, toa picha kwa kebo ya USB uiweke kompyuta, isome huko. Hapo hakuna wa kuficha.

Na jambo la mwisho hapa, GPS inataka muda. Umetoka ndani ya ghorofa, umechomoa simu umepiga papo hapo, inawezekana simu haijapata satelaiti ikaacha pengo. Picha ya kwanza haina mahali na ya dakika mbili baadaye inayo, hiyo si hitilafu.

Dalili: lokesheni ipo lakini imenitupa nchi ingine

Hii naipenda kwa sababu kosa lenyewe linakwambia limetokea wapi.

Fort Jesus, ile ngome ya Mombasa, iko nyuzi 4, dakika 3, sekunde 46 kusini, na nyuzi 39, dakika 40 na ushei mashariki. Ndani ya Exif hizo namba zinaandikwa bila alama ya kutoa, halafu pembeni kunaandikwa herufi, S ya kusini ama N ya kaskazini. Apu mbovu ikisoma namba ikasahau herufi, Fort Jesus yako inaruka ikweta inatua kusini mwa Ethiopia, kule mbele ya Moyale. Kwa hivyo ukiona picha ya Mombasa iko Ethiopia usiilaumu simu, herufi S imepotea. Ukiwa unaingiza mwenyewe kwa Google Maps andika kwa desimali na uweke alama ya kutoa mbele ya namba ya kwanza: -4.0628, 39.6795. Ukizigeuza ukaanza na 39 halafu -4, utajikuta Hispania karibu na Toledo. Na ukiona sifuri kwa sifuri, hiyo ni Ghuba ya Guinea, bahari tupu, maana yake apu ilikosa vipimo ikaandika sifuri.

Kuna ile ya kukosea kidogo. Umevuka feri, umefika Likoni, umepiga picha haraka na ramani inasema uko upande wa kisiwani. Simu ilitumia mahali pa mwisho ilipokuwa inapajua, haijapata pya. Mji wa Kale nako, zile njia nyembamba na kuta ndefu, ishara ya satelaiti inagonga ukuta kabla ya kufika kwa simu, na alama inaweza kukaa mtaa wa pili. Iwapo ni iPhone, ExifTool inaweza kukuonyesha pia kipimo cha makosa kwa mita, kikiwa 65 usimwambie mtu ni mlango huu.

Na Google Photos wakati mwingine inakisia mahali kwa kutambua jengo. Umepiga Mapembe, yale matao ya mfano wa pembe za ndovu pale Moi Avenue, na lokesheni imezimwa, inaweza kukuwekea Mombasa. Hiyo iko kwenye akaunti yako, haiko ndani ya faili, ukimtumia mtu haendi nayo.

Dalili: tarehe si yenyewe

Tofautisha tarehe kwanza. Windows inakuonyesha ile ya kuundwa faili, ile ya kubadilishwa, na ile ya kupigwa picha iliyoandikwa "Date taken". Ukikopi picha kwenye fleshi ile ya kuundwa inakuwa ya leo, ukidaunlodi vilevile. Inayotoka kwa Exif ni "Date taken" peke yake. Nikisikia mtu anasema tarehe zote zimeharibika baada ya kuhamisha picha, najua anaangalia safu isiyo yenyewe, hakuna kilichoharibika.

Ikiwa "Date taken" ndo mbaya, angalia imekosea kwa kiasi gani, kiasi ndicho kinachokupa jibu.

Imekosea kwa saa 3 kamili: kwa muda mrefu Exif haikuwa na pa kuandika ukanda wa saa, iliongezwa toleo la 2.31 mwaka 2016, na saa ya GPS siku zote inaandikwa kwa saa ya dunia (UTC), ambayo iko nyuma ya Kenya kwa 3. Ukiona picha moja ina 16:20 sehemu moja na 13:20 kwenye GPS, ziko sawa zote mbili. Video za MP4 nazo mara nyingi zinahifadhi saa ya dunia, ndo maana video ya maulidi inaonekana imepigwa kabla ya picha za maulidi hayohayo.

Imekosea kwa saa 6: aliyeseti kamera aliweka saa moja ya asubuhi kama 01:00 badala ya 07:00. Imekosea kwa saa 12: ni asubuhi na jioni zimebadilishana. Imekosea kwa miaka, na tarehe ni ya kwanza Januari: betri ndogo ya saa ndani ya kamera imekufa, kila ukitoa betri kubwa inaanza upya. Hiyo peleka kwa fundi ama ujizoeze kuseti kila ukibadilisha betri.

Wapiga picha wa harusi, nyinyi hili linawahusu, kamera mbili saa hazilingani na albamu inachanganyika, bibi harusi anaingia ukumbini kabla hajapambwa. ExifTool inarekebisha folda nzima kwa mstari mmoja, unaandika exiftool -AllDates+=3 kisha jina la folda, inaongeza saa 3 kwa kila picha, ama -AllDates-=3 kupunguza. Inakuwekea na orijino pembeni yenye _original mwisho wa jina. Usizifute hizo mpaka umekagua.

Na kama uliibadilisha tarehe ndani ya Google Photos, mabadiliko hayo yanakaa kwa akaunti, faili haijaguswa. Ukizitoa zote kwa Takeout, huduma ya Google ya kudaunlodi data yako, utapata faili za maandishi za JSON pembeni ya picha, tarehe uliyoirekebisha iko humo.

Picha imelala ubavu, na HEIC isiyofunguka

Simu inapiga picha upande mmoja siku zote, kisha inaandika kwenye Exif izungushwe vipi, namba kutoka 1 mpaka 8. Ukifuta Exif yote namba inaondoka na picha inalala. Izungushe kwanza na uisevu, kisha ufute.

HEIC ni ya iPhone tangu iOS 11. Windows ikikataa kuifungua, ingia Microsoft Store uongeze HEIF Image Extensions. Usiitume kwa saiti ya kubadilisha fomati halafu ushangae data imepotea. Ukitaka iPhone ipige JPEG kuanzia leo: setingi, "Camera", "Formats", "Most Compatible".

ExifTool yenyewe haifunguki

Windows, ukiidaunlodi inakuja kwa zipu, na jina la programu ni exiftool(-k).exe. Itoe kwanza kwenye zipu. Toleo za sasa zinakuja na folda inaitwa exiftool_files, lazima zikae pamoja, ukihamisha ile exe peke yake kwa desktopu inakataa, na hii ndo inayokwamisha wengi. Usipotaka kuandika chochote, buruta picha uidondoshe juu ya exe, dirisha jeusi linafunguka na data yote, ukibonyeza kitufe linafunga. Ukitaka kuandika amri, badilisha jina liwe exiftool.exe, na kama njia ya folda ina nafasi kati ya maneno weka alama za kunukuu pande zote mbili, bila hivyo itakwambia faili haipo na unaiona hapo.

Unanunua kamera ya mkono wa pili na namba ya shata huioni

Wapiga picha wa Mama Ngina na wa pwani ya Pirates wanauziana kamera kila siku, na swali ni imepiga mara ngapi. Nikon inaiandika ndani ya picha, ExifTool inaionyesha kama Shutter Count, lakini lazima iwe faili iliyotoka kwenye memori kadi moja kwa moja, ikipita WhatsApp ama programu ya kuhariri usiitegemee. Canon nyingi haziandiki namba hiyo kwenye picha, kwa hivyo usimwite muuzaji mwongo kwa kuikosa, tafuta fundi aisome kwa kebo. Piga picha mwenyewe papo hapo mbele ya muuzaji, usipokee picha aliyokuletea. Na uiandike serial namba inayotokea humo uilinganishe na ya chini ya kamera, zisipolingana ondoka.

Nilifuta lakini bado inaonekana

Hapa ndo nawaomba muwe makini, hasa kina dada wanaouza vitu onlaini kutoka nyumbani. Picha ya kochi ikitumwa kama faili ina vipimo vya sebule yako, kwa desimali nne unakaribia mita 11. Desemba 2012 jarida la Vice lilichapisha picha ya John McAfee, yule wa antivairasi ya McAfee, akiwa mafichoni, GPS ikiwa bado ndani, watu wakasoma yuko Guatemala, na siku chache baadaye alikamatwa hukohuko. Vice walikuwa na kampuni nzima ya uhariri na bado iliwapita.

Ukifuta na bado iko, kwanza angalia umeangalia faili gani. Windows ile "Remove Properties and Personal Information" chaguo lake la kwanza linatengeneza kopi iliyosafishwa na kuacha orijino palepale, na wewe unatuma orijino. Pili, data inaweza kuwa imo kwa Exif na kwa XMP pia, umefuta kwa moja. Tatu, Exif hubeba kijipicha kidogo cha picha nzima, na programu zingine zikikata picha zinasahau kukibadilisha, umemkata mtu kwenye picha na kwenye kijipicha bado yumo. Amri ya exiftool -all= na jina la picha inatoa vyote hivyo. Ukitaka kutoa mahali tu ubakishe tarehe, exiftool -gps:all= halafu usome tena uhakikishe. Na kumbuka Facebook wanapowaondolea wengine data hiyo, wao wenyewe walishaipokea ulipoapulodi, kwa hivyo ifute kabla.

Data iko sawa lakini mtu haiamini

Ana haki. Umeona hapo juu nimebadilisha saa za folda nzima kwa mstari mmoja, na yeyote anaweza. Kwa hivyo ukiwa na picha unayotaka isimame kwa bima ama kortini usiitegemee tarehe peke yake. Sheria ya Ushahidi ya Kenya, kifungu cha 106B, inahusu rekodi za kielektroniki na inataka cheti kinachoeleza ilitolewaje na kwa kifaa gani, hilo muulize wakili mapema. Wewe upande wako fanya haya: itoe picha kwa kebo, kopi moja kompyuta na nyingine kwa fleshi, usiifungue kwa programu ya kuhariri hata kuongeza mwanga, weka na picha zingine za siku hiyo zilizopigwa kabla na baada maanake namba za faili zinazofuatana zinasaidia, na ujitumie kwa barua pepe siku hiyohiyo ili kuwe na tarehe ingine ambayo haiko mikononi mwako. Simu iliyopiga usiiuze wala usiirudishe kama ilivyotoka dukani kabla kesi haijaisha, wanaweza kuitaka.